Skrini Tupu Si Hukumu

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu kazi zimenibana, lakini leo nimeamua kukaa chini niandike kuhusu jambo ninaloulizwa kuliko jingine lolote. Si lugha gani ya programu iliyo bora. Si mishahara. Ni hili: "Nimesakinisha Android Studio lakini haifanyi kazi." Basi. Hapo ndipo safari ya wengi huishia.

Video za kufundisha hupita hapa mbio. Unaambiwa sakinisha, bonyeza endelea, endelea tena, maliza, halafu tukutane somo la pili. Je, ukibonyeza endelea na mashine ikakataa kuendelea? Hapo mwalimu hayupo tena.

Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na nakaribia miaka thelathini nikiwa naandika programu za simu kwa ajili ya riziki. Kati ya watu niliowaona wakiiacha fani hii, wachache sana waliiacha kwa sababu mantiki iliwashinda. Wengi waliishia mlangoni, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, wakaondoka wakiamini kwamba akili zao ndizo zilizopungua. Mimi nasema sivyo. Mara nyingi kilichopungua ni kumbukumbu ya mashine, au bando, au kitu kidogo zaidi ya hivyo. Ngoja nieleze.

Unasakinisha nini hasa?

Android Studio ilitangazwa na Google Mei 2013, na toleo la kwanza lililo kamili likatoka Desemba 2014. Imejengwa juu ya IntelliJ IDEA ya kampuni ya JetBrains. Kabla yake watu walitumia Eclipse, na waliokuwa chuoni enzi hizo wanaikumbuka. Faili ya kupakua ina ukubwa wa zaidi ya GB 1, na mtu akishaimaliza hudhani kazi imekwisha.

Kumbe hujapata hata nusu! Ulichopakua ni karakana tu. Baada ya hapo inakuja SDK, yaani vifaa vya toleo la Android unalolenga. Kisha inakuja Gradle, ambayo ndiyo fundi anayekusanya kila kitu na kujenga programu yako, nayo peke yake ni zaidi ya MB 100. Halafu Gradle huanza kuagiza maktaba za msimbo kutoka kwenye hifadhi za Google na Maven Central, faili moja baada ya nyingine. Ukitaka emuleta, yaani simu ya bandia inayokaa ndani ya kompyuta, kuna mzigo mwingine wa zaidi ya GB 1. Kila kimoja kinatoka mahali pake, na kila kimoja kina namba yake ya toleo ambayo ni lazima ipatane na za wenzake.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Android Studio imekataa", swali langu la kwanza huwa: ni nani kati ya hawa aliyekataa? Karakana, fundi, au mwenye kuleta mbao?

Kisa cha binti ya shangazi

Binti ya shangazi yangu anasomea kompyuta chuoni. Likizo moja shangazi alinipigia simu. Akasema, "Mwanangu, hebu zungumza na dada yako. Anataka kubadilisha kozi. Anasema yeye na kompyuta hawapatani." Nilishtuka, kwa sababu msichana huyo ni mwepisi wa hesabu kuniliko.

Nilipoketi naye akanisimulia. Walikuwa kikundi cha wanafunzi wanne, na mradi wao ulikuwa programu ya simu ya kuweka hesabu za chama: nani amechanga, nani anadaiwa, zamu ya nani imefika. Wenzake watatu mashine zao zilikubali. Yake ilikataa. Programu ilifunguka vizuri, lakini Gradle ilipoanza kupakua ilisimama na kuandika mistari mekundu kama hamsini hivi. Akaifuta Android Studio, akaisakinisha upya kutoka kwenye flashi ya mwenzake. Ikakataa. Akafuta tena. Mara ya tatu akanunua bando akapakua mwenyewe, akidhani faili ya kwenye flashi imeharibika. Ikakataa vilevile.

Na kikundi kilifanya nini? Hawakuwa na ubaya wowote. Walimwambia, "Basi wewe andika ripoti, sisi tutaandika msimbo." Akawa karani. Mwenye mwandiko mzuri! Muhula mzima wenzake wanajifunza, yeye anapanga kurasa na kuchora majedwali. Akaanza kuamini kwamba hiyo ndiyo nafasi yake.

"Kaka, nimejaribu kila kitu," aliniambia.

Nikamwomba asifute chochote. Tuisome ile mistari mekundu. Yote? Hapana. Kuna siri moja hapa: hitilafu za Java hupangwa kama malalamiko yanayopanda kutoka kwa mdogo hadi kwa mkubwa. Juu kabisa unaona aliyeletewa lawama. Chini, penye maneno "Caused by" ya mwisho, unamwona aliyeanzisha. Tukashuka hadi hapo. Ilisema kwamba cheti cha usalama cha seva hakijaanza kutumika, na mbele ya neno "NotBefore" palikuwa na tarehe ambayo ilikuwa imeshapita miezi kadhaa.

Cheti hakijaanza kutumika, na tarehe yake imeshapita? Tukatazama saa pale pembeni mwa skrini. Ile laptopu ilidhani tuko Januari 2015.

Ilikuwa mashine ya mitumba, zile tunazoita ex-UK, na betri ndogo inayotunza saa ndani yake ilikuwa imekufa. Kila ikizimika kabisa, kalenda inarudi nyuma miaka kadhaa. Windows nayo, kwa kawaida, tofauti ya saa ikiwa kubwa mno haithubutu kujirekebisha yenyewe. Yeye hakuwahi kuona onyo kwenye kivinjari kwa sababu intaneti alikuwa akiitumia kwa simu, na bando akizielekeza kwa laptopu wakati wa kupakua tu. Hata ile faili kubwa aliipakulia saiba.

Tukarekebisha tarehe kwa mkono. Tukaibonyeza Gradle ianze tena. Ikaanza kupakua. Kesho yake fundi wa mtaani akaibadilisha betri kwa pesa ambazo hazifiki bei ya bando moja kati ya zile alizochoma.

Sasa nawauliza, betri ya saa inapima akili ya mtu?

Dawa ya kwanza: usifute

Kufuta na kusakinisha upya ndiyo dawa inayopendwa na wengi, na kwa hapa kwetu ndiyo iliyo ghali kuliko zote. Mwenye intaneti ya nyaya nyumbani haoni uchungu. Anayenunua bando kwa siku anaona. Tena mara nyingi haisaidii, kwa sababu ukiifuta Android Studio, folda iitwayo .gradle iliyo ndani ya folda yako ya mtumiaji hubaki palepale, na kama uharibifu uko humo utaukuta unakungoja.

Mfano unaotokea sana ni huu: stima imepotea, au bando limeisha, Gradle ikiwa katikati ya kupakuliwa. Inabaki faili nusu. Ukijaribu tena unaambiwa faili ya zip haina mwisho wake. Nenda kwenye .gradle, kisha wrapper, kisha dists. Utaona folda zenye namba za matoleo. Futa ile moja tu yenye toleo linalolalamikiwa. Moja! Usiguse folda ya caches, maana humo ndimo zilimo maktaba zote ulizolipia kwa bando zako.

Na kabla haijapakua tena, fungua faili ya gradle-wrapper.properties iliyo ndani ya mradi wako. Ukiona jina la faili linaishia na "all.zip", libadilishe liwe "bin.zip". Ile ya kwanza huja na nyaraka na msimbo wake wote, na wewe unayeanza huna haja nazo leo.

Dawa ya pili: toa 44

Hii naipenda sana. Kuna hitilafu inayosema "Unsupported class file major version 61". Wengi wakiona hivyo hukata tamaa. Wewe chukua hiyo namba, toa 44. Unapata 17. Maana yake ni kwamba unatumia Java 17 na Gradle ya mradi huo ni ya zamani, haiijui. Ukiona 65, ni Java 21. Ukiona 55, ni Java 11.

Dawa yake ni moja kati ya mbili: panda toleo la Gradle, au shuka toleo la Java kwenye mipangilio ya Gradle ndani ya Android Studio. Gradle 7.3 na kuendelea hukubali Java 17, na Gradle 8.5 na kuendelea hukubali Java 21. Kwa upande mwingine, programu-jalizi ya Android toleo la 8 inataka Java 17, haitaki chini ya hapo. Kwa hiyo ukipewa mradi wa miaka iliyopita, usiubebe kwenye Android Studio mpya ukategemea muujiza. Angalia kwanza namba.

Hapo hapo niseme kuhusu masomo ya zamani. Ukiona yanakuambia uandike jcenter(), jua ni ya kale. Februari 2021 ilitangazwa kwamba hifadhi hiyo inafungwa. Weka google() na mavenCentral() mahali pake.

Onyesho la awali: kwa nini ni jeupe?

Haya, sasa fundi amekubali. Unafungua ukurasa wa mradi, upande wa kulia panatakiwa paonekane sura ya programu yako kabla ya kuiendesha. Badala yake unaona pembetatu ya onyo na skrini nyeupe. Binti ya shangazi naye alifika hapa, siku mbili baadaye, akanipigia. Safari hii hakusema amejaribu kila kitu. Aliniuliza, "Kaka, hili onyesho linachorwa na nani?"

Nilifurahi! Hilo ndilo swali.

Onyesho la awali si simu. Hakuna Android inayoendeshwa pale. Ni maktaba maalumu ndani ya Android Studio inayochukua msimbo wako na kuuchora kwenye kompyuta, kama fundi cherehani anayekuonyesha nguo kwenye sanamu badala ya mwilini. Sanamu haitembei. Vivyo hivyo onyesho hili halina intaneti, halina hifadhidata yako, wala halijui mtumiaji aliyeingia ni nani.

Kwa wanaotumia Jetpack Compose, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2021, mimi huangalia mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, mradi umejengwa? Onyesho hutegemea msimbo uliokwisha kujengwa. Kosa dogo katika faili nyingine kabisa hutosha kulizima. Jenga mradi, soma kosa, rekebisha, kisha ndipo utazame onyesho.

Pili, je, maktaba za ui-tooling na ui-tooling-preview zimeorodheshwa kwenye faili ya ujenzi? Zikikosekana, hakuna wa kuchora.

Tatu, je, ile fomula uliyoiwekea alama ya @Preview inadai kitu? Ikiwa inataka kupewa data na hakuna wa kuipa, au ikiwa ndani yake inafungua hifadhidata au kuita seva, itaanguka.

Hili la tatu ndilo lililomkuta. Ukurasa wake wa wanachama ulikuwa unasoma michango moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata. Tukaugawa mara mbili. Sehemu moja inaleta data. Sehemu ya pili inapokea orodha na kuichora tu, haijui orodha imetoka wapi. Kisha onyesho likapewa orodha ya kubuni: wanachama watatu, mmoja amelipa shilingi 500, mmoja 200, mmoja hajalipa kitu. Papo hapo ukurasa ukatokea. Na tukagundua kwamba jina refu linaisukuma namba ya pesa nje ya skrini, jambo ambalo data zao halisi, zenye majina mafupi, zisingeonyesha hadi siku ya kuwasilisha mradi.

Mnaona? Skrini nyeupe ilikuwa inatuambia kwamba msimbo umefungamana mno. Sisemi kila hitilafu ni mwalimu, nyingine ni karaha tupu, lakini hii ina somo. Wanaotumia XML bado wana njia yao: sifa za tools, kama vile tools:text, huweka maneno ya kuonyesha tu ambayo hayaingii kwenye programu yenyewe, na isInEditMode huuliza kama tuko kwenye sanamu au mwilini.

Emuleta, au simu yako?

Emuleta ni nzuri, lakini ina gharama. Google yenyewe huweka GB 8 za RAM kuwa kiwango cha chini cha Android Studio, na GB 16 ukitaka na emuleta. Mashine nyingi za wanafunzi ninaowajua zina GB 4 au 8. Usijilaumu ikikwama.

Kama RAM inatosha na bado emuleta haiwaki, chunguza prosesa. Ina uwezo wa kuendesha mashine ndani ya mashine, Intel wanauita VT-x, AMD wanauita AMD-V au SVM, na kwenye kompyuta nyingi uwezo huo umezimwa kwenye BIOS. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya utendaji, bonyeza CPU, utaona mstari wa Virtualization ukisema imewashwa au imezimwa. Ikiwa imezimwa, washa upya mashine, ingia BIOS, iwashe. Kisha kwenye vipengele vya Windows tia tiki kwenye Windows Hypervisor Platform. Masomo mengi bado yatakutuma utafute HAXM ya Intel. Usihangaike, iliachwa kuendelezwa 2023. Kwenye Linux ni KVM, na tatizo la kawaida ni kwamba mtumiaji hayumo kwenye kundi la kvm.

Lakini ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: tumia simu yako. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya ujenzi mara 7, utaambiwa umekuwa msanidi. Washa utatuzi wa USB, chomeka kebo, kubali ombi litakalotokea kwenye kioo cha simu. Kompyuta ikikataa kuiona simu, badilisha kebo kwanza kabla ya kitu kingine chochote, maana kebo nyingi za bei nafuu zinachaji tu, hazipitishi data. Kwa Android 11 kwenda juu, unaweza hata kuunganisha bila waya. Simu ya kawaida ya mkononi itakuonyesha ukweli ambao emuleta kwenye mashine ya ofisini haionyeshi: jinsi programu yako inavyokwenda kwa mtu wa kawaida.

Neno kwa waliokwisha kuvuka

Nyinyi ambao mashine zenu zinafanya kazi, kuna jambo mnaloweza kufanya. Folda ya SDK inaweza kunakiliwa kwenye flashi na kupelekwa kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo uleule. Tangu Gradle 6.1, hata hifadhi ya maktaba, folda ya modules-2 iliyo ndani ya .gradle/caches, inaweza kuhamishwa, mradi ufute kwanza faili zinazoishia na .lock na ile ya gc.properties. Mpokeaji anaweka mahali palepale kwenye mashine yake, anawasha hali ya nje ya mtandao, na anajenga mradi uleule bila kununua bando hata moja. Flashi moja yaweza kutosha darasa zima.

Na mkiwa kwenye kikundi, mashine ya mwenzenu ikikataa, msimpe ripoti aandike kabla hamjakaa naye saa moja kuisoma ile mistari mekundu pamoja. Kugawana kazi kwa kufuata laptopu ya nani imekubali ni kuamua nani awe mtaalamu na nani awe karani, na uamuzi huo unafanywa bila mtu yeyote kuusema.

Ukikwama, andika toleo la Android Studio, toleo la Gradle, toleo la Java, RAM uliyo nayo, na ule mstari wa mwisho wa "Caused by". Ukimpelekea hayo anayejua, atakusaidia kwa dakika chache. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujue ni kipi kilichoponya. Na angalia saa ya kompyuta yako.

Juma lijalo tukijaliwa nitaeleza jinsi ya kujenga programu kwa mstari wa amri tu, bila kuifungua Android Studio, kwa ajili ya wenzetu wenye GB 4. Kwaherini kwa sasa.